Karantini, Amri ya Kutotoka Nje na Amri ya Kukaa Nyumbani

Istilahi hizi tatu hazibadilishani nafasi. Tarehe 14 Machi, 2020, Gavana wa Colorado, Marekani, aliamuru viwanja vya skii vifungwe kwa sababu ya UVIKO-19. Watelezaji wengi waligeukia milima isiyo na mitambo wala walinzi. Mjadala ukazuka: baadhi walidai kwamba huko hakuna msongamano, wengine walijibu kwamba afukiwaye na poromoko la theluji huwahitaji waokoaji na madaktari waliokwisha kulemewa. Amri ya kukaa nyumbani, iliyotolewa baadaye mwezi huo, haikukataza mazoezi ya nje.

Mfasiri akiiita amri hiyo "karantini" hukosea, kwani karantini humtenga mtu anayeshukiwa kuambukizwa. Akiiita "amri ya kutotoka nje" hukosea zaidi, maana humnyima raia matembezi aliyoachiwa na sheria.

Kwa hiyo twapendekeza "amri ya kukaa nyumbani", na ruhusa zake zitajwe bayana. Ufaransa, kwa mfano, mwishoni mwa Machi 2020 iliruhusu mazoezi ya saa 1 kwa siku, umbali usiozidi kilometa 1 kutoka nyumbani.