Je, Wajua? Herufi Zinazochuruzika Rangi

Je, wajua kwamba kwa mchora vibao wa mji wa Bunia, Kongo, rangi ikichuruzika kwenye herufi ni kosa la kufutwa haraka kabla halijakauka? Hatua chache kutoka kwake, kijana aliye mbele ya kompyuta anatumia saa nzima kulitengeneza kosa hilohilo. Anataka herufi za tangazo la tamasha zionekane mbichi, zimetoka brashini sasa hivi.

Je, wajua kinachoteremsha rangi? Uzito wake, na zaidi ya hapo, unene wa tabaka. Likiwa nene mara mbili, hushuka kwa kasi karibu mara nne. Ndiyo maana michirizi huanzia pale rangi ilipojikusanya: chini ya tumbo la O, ukingoni mwa mguu wa L. Simama mbele ya geti la bati lililotoka kupakwa ufuate mchirizi mmoja kwa jicho. Juu ni mpana kidogo, katikati mwembamba kama uzi, na chini kabisa kuna kitone kilichovimba, kinang'aa upande unaotazama jua. Wanaoanza kuiga michirizi kwenye kompyuta hukisahau kitone hicho. Wakimaliza mchirizi kwa ncha kali, herufi inaota miiba.

Je, wajua kwamba Photoshop, programu ya kuhariri picha ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilitoka mwaka 1990 bila matabaka ya kuchorea juu ya picha? Yalikuja na toleo la 3, mwaka 1994. Bila matabaka, michirizi ikishachorwa juu ya picha imeshikamana nayo.

Je, wajua hila ya upepo? Kichujio cha upepo, ambacho Photoshop ya Kifaransa hukiita "Soufflerie", huvuma kulia au kushoto tu. Kwenda chini hakijui. Basi mafundi huilaza picha ubavu kwa nyuzi 90, huyapuliza maandishi, kisha huisimamisha tena. Sasa rangi inashuka, ila bado ni nywelenywele. Hapo huingia "Flou gaussien", ukungu uliopewa jina la mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss, aliyefariki mwaka 1855. Mwishowe hubanwa viwango vya mwanga na giza: ukungu unageuka ukingo safi, pembe zinaviringika, na vitone vilivyokaribiana vinaungana kama rangi ya kweli. Katika kazi yote hii, hatua hiyo ndiyo niipendayo zaidi.

Je, wajua kwamba GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, hailipiwi hata faranga? Inabebeka kwenye flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta, na ina upepo wake pia.

Je, wajua kwamba Chéri Samba, mchoraji Mkongomani aliyezaliwa mwaka 1956, alianza kwa kuchora vibao vya matangazo Kinshasa? Alifungua karakana yake mwaka 1975, na picha zake hujulikana kwa maneno yaliyoandikwa ndani yake.

Je, wajua kwamba karatasi ya A4 yenye nukta 300 kwa inchi huhitaji pikseli 2480 kwa 3508? Anza na ukubwa huo, kwa herufi nene. Nyembamba haina rangi ya kutosha kuchuruzika. Na michirizi miwili jirani isilingane urefu.