Kompyuta kuukuu ya karakana: ipe mfumo mpya kabla haijakula pesa zako

Tuseme una karakana ya kuchomelea vyuma pale sokoni Kosele, kaunti ya Homa Bay. Kwenye meza ya pembeni kuna kompyuta uliyoinunua ikiwa imeshatumika. Humo mna michoro ya mageti, madeni ya wateja na oda za wiki. Jioni kabla ya kufunga, unaitumia pia kuingia kwenye akaunti yako ya Till kuangalia pesa zilizoingia. Inachelewa kuwaka, lakini mwishowe inawaka, basi unaiacha hivyo.

Utatuuliza: nyinyi ni watu wa pesa za simu, kompyuta yangu inawahusu nini? Inatuhusu kwa sababu nenosiri unaloandika hapo ndilo linalofungua hesabu zako za biashara. PIN yako unaweza kuilinda vizuri kwenye simu, lakini kompyuta ikiwa na mwizi ndani, ataingia kwa mlango wa nyuma.

Shida iko wapi?

Kila kompyuta inaendeshwa na mfumo, na mfumo unahitaji kuzibwa matundu mara kwa mara. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilifuata tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha wameongezewa muda hadi 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo mashine haizimiki. Itafanya kazi kama kawaida, ila tundu jipya likigunduliwa, hakuna anayekuja kuliziba.

Windows 11 nayo haikubali kila mashine. Inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hukwama hapo.

Ndipo anapotokea mtu na flashi yake: "Nitakuwekea Windows ya bure, na kraki iko." Hapo simama kidogo. Desemba 2021, kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi kraki feki ya KMSPico ilivyokuwa imefichwa programu ya wizi inayoitwa CryptBot. Kazi yake ni kukusanya manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Rahisi inaweza kuwa ghali.

Njia ya bure iliyo halali

Kuna mifumo ya Linux ambayo haiuzwi na haihitaji kraki. Kwa mashine ya zamani tunapendekeza Linux Mint, toleo la Xfce, kwa sababu ni jepesi na sura yake haitampotosha aliyezoea Windows. Inahitaji RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora, na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Linux Mint 22 itaendelea kupata marekebisho hadi 2029.

1. Hifadhi kazi yako kwanza. Nakili michoro, madeni na picha kwenye flashi au diski ya nje. Kisha zifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama zinafunguka kweli. Beba faili zako tu. Programu za zamani ziache, maana virusi hupenda kujificha humo.

2. Pakua kutoka tovuti yao rasmi, linuxmint.com. Tumia kompyuta nyingine unayoiamini. Faili ni karibu GB 3, kwa hivyo kama bando linakuumiza, tafuta mahali penye Wi-Fi.

3. Tengeneza flashi ya kusakinishia. Tumia flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, kwa sababu itafutwa. Kunakili faili kama unavyonakili wimbo hakutoshi. Tumia programu ya Rufus au balenaEtcher.

4. Washa kompyuta kwa flashi hiyo. Mara tu unapobonyeza kitufe cha kuwasha, bonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi. Kwa HP nyingi ni Esc, halafu F9. Chagua flashi yako.

5. Jaribu kabla ya kusakinisha. Linux Mint itafunguka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Angalia kama Wi-Fi, kipanya na printa vinafanya kazi. Ukiona haikufai, izime tu utoe flashi. Hujapoteza kitu.

6. Sakinisha. Ukichagua kufuta diski yote, kila kilichokuwemo kinaondoka. Ndiyo maana tumeanza na hatua ya kwanza. Usianze siku ambayo stima inapotea ovyo. Kama ni laptop, iweke kwenye chaji.

Si kila karakana itafaa

Kama kompyuta yako inaendesha mashine ya kutarizi au ya kukata vyuma kwa programu ya Windows pekee, usiibadilishe kabla ya kumuuliza fundi wa mashine hiyo. Njia salama ni kuitenga: iache ifanye kazi hiyo moja, iondoe kwenye intaneti, na mambo ya pesa uyafanyie kwingine. Pia fomu za Excel zenye makro, kama baadhi ya zile za kodi, huenda zisifanye kazi sawasawa kwenye LibreOffice inayokuja na Linux Mint.

Ukishamaliza, pesa zilindwe hivi

Fungua kwanza programu ya masasisho uyaweke yote. Kisha badilisha nenosiri la barua pepe na la akaunti yako ya Till ukiwa kwenye mfumo mpya. Watu wengi husahau hapa. Kama la zamani lilishaibwa, mfumo mpya peke yake hautakusaidia. Mwizi bado anao ufunguo wako mfukoni.

Usiache kivinjari kikuhifadhie nenosiri hilo, hasa kama vijana wa karakana wanaitumia kompyuta hiyo pia. Wafungulie akaunti yao, nawe ubaki na yako. Na PIN yako ni ya kwenye simu tu: usiiandike kwenye faili, usiibandike ukutani. Hatutakupigia kuiomba, hata siku moja.

Na je, kama ulishawekewa kraki na huna nafasi ya kufanya haya yote wiki hii? Basi fanya jambo moja leo: chukua simu yako, badilisha manenosiri hayo ukiwa kwenye simu, na usiingie tena kwenye akaunti ya pesa kwa kompyuta hiyo hadi iwe na mfumo mpya. Ni kazi ya dakika chache, wala haihitaji fundi.