Kompyuta Nzito Baada ya Masasisho

Kompyuta ya Windows ikiwa nzito baada ya masasisho, jambo la kwanza ni kujua kama masasisho yenyewe yamekwisha. Microsoft hutoa yale ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, muda ambao Musoma ni saa 2 au saa 3 usiku. Stesheneri ya Bunda au Butiama iliyokwisha kufunga hukutana nayo Jumatano asubuhi, wateja wa kopi wakiwa mlangoni. Mashine hupakua vifurushi, huvifungua na kubadilisha mafaili ya mfumo. Kisha kinga ya virusi huyakagua mafaili hayo, na orodha ya utafutaji hupangwa upya. Kwenye mashine kuukuu kazi hiyo huweza kula saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati, sehemu yake hurudiwa.

Ctrl, Shift na Esc zikibonyezwa pamoja, hufunguka dirisha la programu zinazofanya kazi. Safu ya diski ikisoma asilimia 100 na juu ya orodha kuna TiWorker ya masasisho au MsMpEng ya kinga ya virusi, dawa ni subira. Kuzima kwa kushikilia kitufe huweza kuharibu mafaili ya mfumo. Kazi hizo zikiisha, ibonyezwe Restart, si Shut down. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha ilivyokuwa, pamoja na uzito wake.

Uzito usipoondoka, hutazamwa nafasi iliyobaki kwenye diski C. Toleo jipya la Windows huacha folda ya Windows.old yenye gigabaiti nyingi, ambayo kwa kawaida hufutwa yenyewe baada ya siku 10. Sasisho moja likishukiwa, linaweza kuondolewa kupitia historia ya masasisho kwenye mipangilio. Kuna wakati lawama ni ya haki: marekebisho ya Januari 2018 dhidi ya kasoro za Meltdown na Spectre yalipunguza kasi ya kompyuta za zamani, na Microsoft ilikiri.

Anayetumia bando la simu anaweza kuuwekea mtandao wake alama kwamba unalipiwa kwa kipimo, au kusimamisha masasisho kwa muda. Kuyafunga moja kwa moja, kama mafundi wengine wafanyavyo, ni kumtibu mgonjwa kwa kumfungia dirisha. Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipita kwenye tundu ambalo masasisho yalikuwa yameliziba tangu Machi.

Mara nyingi mkosaji halisi ni diski ya kuzunguka kwenye mashine ya mtumba yenye RAM ya gigabaiti 4. Kuweka SSD, diski isiyozunguka, mahali pake, na kuongeza RAM hadi 8, husaidia zaidi kuliko usafishaji wowote wa mafaili. Kwa Windows 10, masasisho ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel hukubali rasmi vichakataji kuanzia takriban kizazi cha 8. Mashine isiyofikia hapo inaweza kuwekewa mfumo wa Linux Mint, ambao ni wa bure.