Saa yake ya kwanza ilikataliwa, ya pili ikauzwa dola milioni 4,9

Mwezi wa sita mwaka wa 2023, saa moja ya mfukoni, ya dhahabu, iliuzwa kwa mnada mjini New York, inchini Marekani, kwa bei ya dola milioni 4,9. Saa hiyo haikutoka katika kiwanda kikubwa cha Uswisi. Ilitengenezwa kwa mikono na kijana wa Uingereza, Roger Smith, akiwa kwa wazazi wake huko Bolton, karibu na Manchester.

Smith alizaliwa mwaka wa 1970. Alipotimiza miaka 16, baba yake alimwelekeza kwenye shule ya ufundi wa saa mjini Manchester. Huko ndiko alikomwona George Daniels, fundi aliyekuja kutembelea wanafunzi akiwa na saa aliyoitengeneza yeye mwenyewe.

Kazi ya watu wengi, mikono ya mtu mmoja

Tangu zamani, saa ya bei kali ilipita katika mikono ya mafundi wengi. Mmoja alichonga magurudumu yenye meno, mwingine springi, mwingine mishale, mwingine kifuniko. Daniels alizifanya karibu kazi hizo zote peke yake. Mwaka wa 1981 alitoa kitabu, Watchmaking, kinachoeleza hatua kwa hatua namna ya kufanya.

Kitabu hicho kikawa mwalimu wa Smith. Akaamua kutengeneza saa yenye turbiyoni, yaani kizimba kidogo kinachozungusha moyo wa saa ili uzito wa dunia usiipoteze majira. Chombo hicho kilibuniwa na Abraham-Louis Breguet, aliyepewa hati yake mjini Paris mwaka wa 1801. Hata mafundi wenye uzoefu wanakiogopa.

Baada ya kazi ya zaidi ya mwaka mmoja, saa ilitembea. Kijana akaipeleka kwa Daniels, kwenye kisiwa cha Man. Mzee akaitazama, kisha akamwambia ukweli: inaonekana wazi kwamba imetengenezwa kwa mkono. Kwake hiyo haikuwa sifa. Saa nzuri haipaswi kuonyesha alama ya tupa wala ya kidole, ni kama vile imejiumba yenyewe.

Miaka mitano zaidi

Smith alirudi nyumbani, akaanza saa ya pili, ngumu kuliko ya kwanza. Zaidi ya turbiyoni, aliitia kalenda inayojua yenyewe miezi ya siku 30 na ya siku 31, pamoja na mwaka ambao Februari inafika siku 29.

Kazi ilichukua zaidi ya miaka mitano. Shida moja ilimrudia kila mara: kadiri mkono wake ulivyozoea, vipande vya mwisho vilikuwa vizuri kupita vya kwanza. Basi alivitoa vile vya kwanza na kuvitengeneza upya.

Mwaka wa 1998 alirudi kwa Daniels. Mzee aliishika saa, akaanza kuuliza kipande kwa kipande: hiki kimetengenezwa na nani? Na hiki? Kila mara jibu lilikuwa lile lile: ni Smith mwenyewe. Mwishoni, Daniels akamkubali kuwa fundi wa saa.

Muda mfupi baadaye akamwita kisiwani wafanye kazi pamoja. Mwaka wa 2001 Smith alifungua ateliye yake huko huko. Daniels alifariki mwaka wa 2011. Smith angali anatengeneza saa kwa njia ile ile, na ateliye yake inatoa saa chache tu kila mwaka.

Zile dola milioni 4,9 hazikuingia mfukoni mwake. Miaka mingi mbele ya mnada, alikuwa amekwisha kuiuza saa hiyo ili apate feza ya kuendesha ateliye.