Saumu ya tumbo na saumu ya ulimi



Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni, na sisi wa Uingereza tulifunga zaidi ya saa 18 kwa siku. Alasiri moja nilikuwa peke yangu ofisini, bomba la maji hatua mbili tu, na hakuna ambaye angejua. Sikunywa. Hapo ndipo nilipoielewa saumu: sala huonekana, zaka hupokewa na mtu, lakini kufunga ni siri ya mja na Mola wake. Ndiyo maana al-Baqara aya 183 inataja uchamungu kuwa ndio lengo, si njaa.

Lakini jioni ile ile, nikingojea magharibi, nilimfokea mwanangu kwa jambo dogo. Tumbo bado limefunga, ulimi umeshafuturu kabla ya adhana! Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, aliipanga saumu daraja tatu: ya tumbo na matamanio, ya macho, masikio, ulimi na viungo vyote, na ya moyo usioshughulika ila na Mungu. Mimi, pamoja na udaktari wangu wote, nilikuwa bado darasa la kwanza.

Nilimwomba radhi kabla ya kushika tende. Tangu hapo, kila nikitia nia usiku, naufungisha na ulimi. Tujaribuni, in shaa Allah.

Wabillahi tawfiq.