Selimundu, chupa ya maji na ruhusa ya kwenda msalani

Tionne Watkins, mwanamuziki wa Marekani ajulikanaye kama T-Boz, aliambiwa na madaktari kwamba hatavuka miaka 30. Alizaliwa mwaka 1970. Ameshavuka 50, amelea watoto, na akiwa na kundi la TLC ameuza mamilioni ya albamu huku selimundu ikimlaza hospitalini mara kwa mara.

Ugonjwa huu ni wa kurithi. Mtoto huupata pale baba na mama, ambao mara nyingi ni wazima kabisa, wote wawili wanapompa kinasaba chenye hitilafu ya himoglobini. Chembe nyekundu ya damu ikipungukiwa oksijeni hupinda kama mundu, hukakamaa na kuziba mishipa midogo, na maumivu ya mifupa yanayofuata humliza hata mtu mzima. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda haizidi 20, ndiyo maana damu hupungua kila mara. Tanzania, Nigeria, India na Kongo ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani.

Vinavyochochea maumivu vinafahamika: kiu, baridi, homa, uchovu uliopita kiasi.

Kiu ndiyo yenye visa vingi. Selimundu huathiri figo mapema, zikashindwa kubakiza maji mwilini. Mtoto hukojoa mara kwa mara, hata kitandani katika umri wa kuona haya. Maji yanamtoka upesi, kwa hiyo lazima anywe mengi. Akinywa, ataomba ruhusa tena. Mwalimu asiyejua huona utundu. Mzazi asiyejua huona uvivu wa kuamka, na fimbo hutembea. Mtoto mwerevu hujifunza kutokunywa maji ili asisumbue mtu, kisha wiki hiyohiyo amelazwa.

Michezo nayo hukatazwa kwa pupa. Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2018 liliwapa watu wazima wenye selimundu mazoezi ya wastani ya baiskeli kwa wiki nane. Pumzi na misuli yao iliimarika bila madhara makubwa. Cha kuepuka ni mashindano ya kukimbizana hadi kuishiwa nguvu na kuogelea kwenye maji baridi. Wapo ambao mfupa wa nyonga umekufa kwa kukosa damu, nao hutembea kwa gongo; hao mazoezi yao yapangwe na mtaalamu.

Dawa ipo. Haidroksiyurea huuchochea mwili kutengeneza himoglobini ya uchangani, ambayo huzuia chembe kupinda. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha watoto walioitumia walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, na hata malaria na vifo vilipungua. Haimezwi kienyeji: damu hupimwa kila baada ya muda, na anayetarajia kupata mtoto amwambie daktari kwanza.

Mzazi, muhula ukianza peleka shuleni barua ya kliniki inayomruhusu mtoto kuwa na chupa ya maji darasani, kwenda msalani bila kuulizwa na kuvaa sweta hata kama si la sare. Na homa ikifika nyuzi 38.5, usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.