Goma: Gari limebonyea na makuta ni kidogo, usikimbilie mastiki

Mjini Goma, chukudu iliyobeba magunia ya makala, moto inayojipenyeza kati ya magari kuelekea Birere, au jiwe la lava lililorushwa na tairi vinatosha kuacha shimo kwenye ubavu wa gari. Tena magari mengi ya hapa yametoka Japani yakiwa na usukani kuume, na sisi tunatembea kuume. Shofere anakaa upande wa ukingo wa barabara, haoni vizuri kinachokuja mbele anapotaka kupita lori. Kona ya mbele ya kushoto ndiyo inayolipa.

Kwa shofere wa taksi, siku moja garajini ni siku bila kazi, na mwenye gari bado anangojea pesa yake ya jioni. Kwa hiyo wengi wanakubali neno la kwanza la fundi: tujaze mastiki, tupige rangi, uende. Hapo ndipo makuta yanapopotea.

Tazama kwanza rangi. Kama haikupasuka, hakuna haraka: shimo ni baya kwa macho tu, linaweza kungoja hadi upate makuta. Ikiwa chuma kinaonekana, usipitishe juma. Mvua ya Goma inachanganyika na gesi ya Nyiragongo, na kila mwenye nyumba anajua namna inavyokula mabati. Chuma cha karoseri hakifiki hata milimita 1. Sugua kutu kwa msasa, kausha, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya gari kidogo kwa brashi ndogo. Haitapendeza sana, lakini chuma kimepona.

Kinga ya mbele au ya nyuma ikiwa ya plastiki, jaribu nyumbani. Mwaga maji yanayochemka polepole juu ya shimo, vaa glavu nene, sukuma kutoka ndani, kisha mwaga maji baridi ili plastiki ishike umbo lake. Mara nyingi inarudi bila fundi. Kwenye mlango wa chuma maji hayo hayafanyi kitu. Shimo pana lisilo na kina, lisilo na mkunjo, linaweza kuvutwa kwa ule mpira wa kuzibulia choo, ukilowesha ukingo wake kwanza.

Mkunjo mkali unahitaji fundi wa karoseri, na hapa inafaa kusimama karibu. Fundi mzuri anafungua kitambaa cha ndani cha mlango, anashika chuma kizito upande mmoja na kupiga nyundo nyepesi upande mwingine, akianzia pembeni kuelekea katikati. Anayepiga kwa nguvu katikati ananyoosha bati kupita kiasi; baadaye linaingia na kutoka kama kitako cha kopo ukiligusa.

Mwambie ainue chuma kwanza. Mastiki ni ya kusawazisha tu, milimita 2 au 3. Ikiwa nene, mitikisiko ya barabara zetu itaipasua, maji yatapita chini yake, na kutu itafanya kazi mahali usipoiona. Patana bei ya kunyoosha mbali na bei ya rangi, na urudi kuangalia kabla rangi haijapakwa. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chepesi: isiposhika, hapo mastiki ni nyingi. Ukingoja hadi rangi ikauke, kila kitu kitang'aa na hutakuwa na la kubishana.

Kuna mahali pa kutobana makuta. Gari likigongwa mbele, boneti ikikataa kufunga, tairi likisugua au gari likivuta upande mmoja, pesa ya kwanza iende huko, si kwenye rangi. Na fundi akitaka kuchomelea, atoe kwanza waya za betri, na asikaribie tangi la mafuta.

Mlango uliopondeka sana, tafuta wa mtumba kutoka gari la aina hiyohiyo. Unaweza kuwa wa bei nafuu kuliko siku tatu za nyundo. Kabla ya kulipa, angalia kioo chake kinapanda na kushuka, kisha upitishe kidole kwenye ukingo wa chini, pale maji yanapotokea. Kutu huanzia hapo.